Chombo Kipya Kulala Siku ya Kushuliwa



Mara nyingi katika gazeti letu hili twaandika habari za kuchuma, kuanika na kutenga makonyo. Leo twaomba ruhusa tuyaache hayo kidogo tuseme habari ya vyombo vya baharini. Sisi ni watu wa visiwani, na karafuu yetu, hata ikiwa kavu na safi namna gani, haiendi popote ila kwanza ipite juu ya maji. Na sisi wenyewe kadhalika, pamoja na wake zetu na watoto wetu.

Tarehe 2 Septemba 2025, katika pwani ya Zonguldak, nchi ya Uturuki, ilishuliwa yoti mpya iliyopewa jina la Dolce Vento. Yoti ni chombo cha starehe cha matajiri, na hii ilikuwa ya kiasi cha mita 24, inang'aa kwa rangi mpya, na watu wamesimama kuitazama. Baada ya kiasi cha dakika 15 tu chombo kikaanza kuingia maji na kulala ubavu. Mwenye chombo na mabaharia wakajitupa baharini wakaogelea mpaka pwani. Hakufa mtu, lakini mali yote ikaenda chini mbele ya macho ya mwenyewe. Na hiyo si ya kwanza. Mwezi wa Mei 2014, katika mji wa Anacortes, jimbo la Washington huko Marekani, yoti nyingine iitwayo Baden, ya urefu wa futi 90, ilipinduka siku ile ile ya kushuliwa, kabla haijapata kuvuka hata bandari.

Picha za mambo haya huenea katika simu za watu na wengi hucheka. Sisi twaona si mambo ya kuchekwa na mtu anayepanda chombo. Watu wengi wakiona chombo kipya kimezama husema, "Kilivuja," au "Fundi hakutia kalafati sawasawa." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi sana chombo huwa mbao zake ni nzima, au chuma chake ni kizima, hakuna tundu hata moja lisilotakiwa, na bado hulala na kuzama. Sababu ni uzito. Wala si wingi wa uzito peke yake, bali ni mahali uzito ulipokaa.

Tutazame kisa cha meli iitwayo Principessa Jolanda. Meli hii ilijengwa Italia, katika mji wa Riva Trigoso, ikapewa jina la binti mkubwa wa Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu. Ilikuwa meli ya abiria ya urefu wa mita 141 na tani zaidi ya 9,000, na wenyewe walikuwa na haraka ya kuionesha. Basi wakaamua jambo ambalo mafundi wa meli hawalifanyi kwa kawaida: wakaijenga pwani mpaka ikamalizika kabisa. Vyumba vya juu, samani, vioo, mazulia, kila kitu kilikuwa tayari mahali pake. Tarehe 22 Septemba 1907 wakaishua mbele ya wageni wengi. Meli ikateremka vizuri, ikaingia majini, kisha ikaanza kuinama upande wa kushoto. Wakajaribu kutia nanga ili wairudishe, haikurudi. Wakajaribu kuivuta kwa meli ndogo ipwelee penye maji machache, wasiwahi. Kila ilipozidi kuinama ndivyo maji yalivyopata kuingia katika madirisha na milango ya juu, na muda wa saa moja haukwisha ila meli imelala ubavu wake wote majini. Walioko ndani walipata kutoka salama. Meli yenyewe haikupata kusafiri hata siku moja. Ikakatwakatwa pale pale.

Kwa nini? Makaa ya mawe, ambayo hukaa chini kabisa katika ngama, yalikuwa hayajapakiwa. Farumi pia haikuwamo. Chini meli ilikuwa tupu na juu imejaa. Ilikuwa mfano wa mtu aliyebeba kitanda, kabati na meza kichwani, na miguuni hana nguvu.

Ndugu yake meli hiyo, Principessa Mafalda, alishuliwa mwaka uliofuata, tarehe 22 Oktoba 1908, na safari hiyo waliiteremsha ikiwa haina karibu vyombo vyote vya juu. Ikaelea bila taabu. Chuma ni kile kile na umbo ni lile lile.

Sasa twataka kueleza jambo hili linavyokwenda, na tutajitahidi tusiifanye kuwa darasa la hesabu. Kila mmoja wetu utotoni amecheza na kifuu cha nazi majini. Ukikiweka kitupu huelea na kuyumbayumba. Ukitia kokoto mbili chini kinatulia, hata ukikisukuma kwa kidole hurudi. Lakini ukikisimamishia kijiti kirefu na juu ya kijiti ukabandika donge la udongo, kinapinduka mara moja, ingawa donge ni dogo kuliko kokoto zile.

Chombo kikubwa ni hivyo hivyo. Uzito wake wote, mbao na mlingoti na shehena na watu, waweza kuhesabiwa kama kwamba umekusanyika mahali pamoja, nako hapo uzito wavuta kwenda chini. Tuite mahali hapo kitovu cha uzito. Maji nayo yasukuma chombo kwenda juu, na msukumo huo nao una kitovu chake, katikati ya ile sehemu ya chombo iliyozama. Chombo kikisimama wima, vitovu viwili hivi hukaa katika mstari mmoja, kimoja juu ya kingine. Wimbi likikiinamisha, kitovu cha uzito hakihami, kwa sharti shehena imefungwa isihame. Lakini sehemu iliyozama hubadilika umbo: upande ulioinama huzama zaidi, ule mwingine huinuka, na kitovu cha msukumo husogea kwenda upande ulioinama. Ndipo maji husukuma juu upande ule, uzito ukavuta chini katikati, na chombo kikarudishwa wima. Hii ndiyo nguvu inayotuokoa kila siku bila ya sisi kuiona.

Walakini nguvu hiyo ina mpaka. Ukiuchukua mstari wa msukumo wa maji ukaupandisha moja kwa moja juu, utakata mstari wa katikati ya chombo mahali fulani. Mahali hapo wataalamu hupaita metasenta, na mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kitabuni alikuwa Mfaransa, Pierre Bouguer, mwaka 1746. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, chombo hurudi. Kikipanda juu yake, nguvu ile ile iliyokuwa ikirudisha hugeuka ikawa ya kupindua. Basi kati ya metasenta na kitovu cha uzito ndipo ilipo nafasi ya salama. Chombo kipana huwa na metasenta ya juu, chembamba huwa nayo chini. Ndiyo maana mtumbwi mwembamba mtu hathubutu kusimama ndani yake, na ngarawa, kwa kuwa ina mbao zake mbili za pembeni, hustahimili tanga kubwa juu ya mwili mwembamba.

Na kushua chombo kuna hatari yake ya peke yake, ambayo haiko baharini. Wakati nyuma ya chombo inapoanza kuelea na mbele ingali imekalia magogo au reli, sehemu ya uzito haijabebwa na maji bado, yabebwa na ardhi kupitia mkuku. Maana yake ni kama kwamba mtu ameondoa uzito chini kabisa katika mkuku. Kitovu cha uzito huwa kama kimepanda kwa muda ule. Chombo chenye nafasi ndogo ya salama huweza kuipoteza yote katika dakika hiyo. Wazee wetu hawakusoma Bouguer, lakini wengi wao hushua chombo bamvua likijaa, mlingoti haujasimamishwa, watu wengi wameshika kuwili pembeni, na farumi huingia mapema kabla ya foromali na tanga. Hapana la kuwafundisha katika hilo.

Kisa kilichotuhuzunisha kuliko vyote katika kusoma kwetu ni kile cha meli Daphne. Ilijengwa Linthouse, katika Govan, kando ya mto Clyde, Uskoti, na ilishuliwa tarehe 3 Julai 1883. Ilikuwa meli ndogo ya tani kiasi cha 450. Siku ile kulikuwa na wafanyakazi karibu 200 ndani yake: maseremala, mafundi wa mabomba, mafundi wa chuma, na vijana wanaojifunza kazi. Walikuwamo kwa sababu kazi haijaisha, na ilitakiwa meli ikigusa maji tu waendelee kupiga misumari. Ndani mlikuwa na zana na mbao zisizofungwa. Minyororo miwili yenye nanga ilitakiwa kuipunguzia mbio, kila ubavu mmoja. Ilipoingia mtoni, nanga ya kulia ilisogea yadi sita au saba tu, na ya kushoto ikaburutwa yadi 60. Meli ikavutwa vibaya, mkondo wa mto ukaipiga, ikalala upande wa kushoto. Watu wakateleza, zana zikateleza, kila kitu kikaenda upande ule ule. Wakafa watu 124. Wengi walikuwa chini ndani ya meli na hawakupata hata kuona mbingu.

Serikali ya Uingereza ikamweka Sir Edward Reed, bingwa wa ujenzi wa meli, achunguze. Akaona meli ilikuwa na nafasi ndogo mno ya salama tangu mwanzo, na juu ya hiyo wakaongeza watu wengi na vitu vinavyohama. Baada ya hapo ikawa desturi kwamba meli ikishuliwa hawapandi ila wale wachache wanaotakiwa kwa kazi ya kuifunga, na wajenzi wakatakiwa wahesabu kwanza jinsi chombo kitakavyosimama kabla ya kukitia majini. Tunasema haya wazi kwa sababu hapa kwetu siku ya kushua chombo ni siku ya furaha, ngoma na pilau, na watoto hupenda kupanda ndani wakati kinasukumwa. Wazazi wanaona ni baraka. Sisi rai yetu ni kwamba watoto wabaki mchangani na pilau lao.

Huyo Reed alikuwa na kidonda cha zamani katika jambo hili. Miaka 13 nyuma, alipokuwa mkuu wa wajenzi wa manowari za Uingereza, alikataa kuikubali manowari iitwayo Captain, iliyobuniwa na Cowper Coles. Ilikuwa na milingoti mirefu na mizinga mizito, na ubavu wake mfupi juu ya maji. Tena wakati wa kuijenga, uzito uliongezeka kidogo kidogo, huku chuma kinene zaidi, huku kitu kingine, mpaka ilipokwisha ikawa imezidi kiasi cha tani 735 juu ya hesabu. Ubavu uliokusudiwa uwe futi 8 juu ya maji ukawa futi 6 na nusu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na pwani ya Hispania, upepo ukaiinamisha, sitaha ikaingia majini, na sitaha ikishaingia majini nguvu ya kurudisha huanza kupungua badala ya kuzidi. Ikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 470, na Coles mwenyewe alikuwamo.

Hapa pana jambo ambalo yafaa tulitazame sana, maana watu husema uzito ukiwa chini tu basi ni salama. Si hivyo kabisa. Uzito wa chini hushusha kitovu, hiyo ni heri. Lakini uzito wowote, wa chini au wa juu, huzamisha chombo zaidi, na ubavu ulio juu ya maji ukipungua, chombo huwahi kuingia maji kabla hakijamaliza nguvu yake ya kurudi.

Meli ya Vasa ya Uswidi ilinaswa katika mtego huo huo. Mfalme Gustav Adolf wa Pili aliitaka haraka kwa vita, ikajengwa na safu mbili za mizinga, mizinga 64 kwa jumla. Fundi mkuu wake, Henrik Hybertsson, alikufa mwaka 1627 kabla haijaisha. Chini walitia mawe ya farumi tani kiasi cha 120. Kabla ya safari, watu 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili ili ionekane chombo kinavyoyumba. Walikimbia mara tatu tu, amiri akawasimamisha, kwa kuwa aliogopa meli itapinduka pale pale ilipofungwa. Mtu angedhani baada ya hapo meli haikuondoka. Iliondoka. Tarehe 10 Agosti 1628 ilikwenda mita kiasi cha 1,300 ndani ya bandari ya Stockholm, upepo mwepesi ukaisukuma, matundu ya mizinga ya chini yakaingia maji, ikazama mbele ya umati wa watu, wakafa kiasi cha 30. Na kutia mawe zaidi kusingewasaidia, kwa kuwa matundu yale yalikuwa karibu na maji tayari. Mawe mengine yangeyashusha zaidi. Kosa lilikuwa katika umbo lenyewe: jembamba chini, refu na zito juu. Meli hiyo iliinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1961 na leo iko katika jumba la makumbusho huko Stockholm. Baraza lilikaa kutafuta wa kulaumiwa, asiadhibiwe mtu.

Twaja sasa kwetu. Katika mkutano uliopita wanachama wenye hisa katika mashua moja waliuliza kama inafaa kuiongezea paa la bati na sakafu ndogo juu yake, ili magunia yakae pasipo na maji na abiria wapate kivuli. Tuliahidi kulitafuta jawabu, na jawabu letu ni hili.

Tuchukue mfano wa mashua ambayo pamoja na shehena uzito wake ni tani 20. Ukichukua magunia 40 ya kilo 50, yaani tani 2, ukayatoa chini ukayaweka mita mbili juu, kitovu cha uzito cha mashua nzima kitapanda sentimita 20. Hesabu ni nyepesi: tani 2 mara mita 2, gawanya kwa tani 20. Sentimita 20 yaonekana si kitu. Lakini ikiwa nafasi ya salama ya mashua hiyo tangu mwanzo ilikuwa sentimita 40, basi nusu yake imekwisha, na bado hujahesabu paa lenyewe, wala nguzo zake, wala watu watakaopanda juu ili wapate upepo. Na watu watapanda. Tena paa ni kama tanga lisiloweza kushushwa: upepo wa kusi ukija ghafla, tanga nahodha hulilegeza, bati hawezi.

Historia ya meli Eastland huko Chicago yafanana na jambo hili. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 ikatungwa sheria Marekani kwamba meli ziwe na mashua za kuokolea watu za kutosha. Sheria njema. Eastland ilikuwa meli inayojulikana kuyumba, ikaongezewa mashua na maboya mazito juu kabisa. Asubuhi ya tarehe 24 Julai 1915, ikiwa na watu wapatao 2,500 na ingali imefungwa gatini, ililala ubavu mtoni. Wakafa watu 844, hatua chache kutoka nchi kavu.

Hatusemi paa lisiwekwe. Twasema lisiwekwe mpaka fundi aliyejenga mashua aulizwe, na kama litawekwa liwe la turubai jepesi, pasiwe na sakafu ya kukaliwa.

Karafuu ina tabia yake ambayo wengine hawaijui. Gunia la karafuu kavu ni kubwa kwa umbo na jepesi kwa mizani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni mdogo. Karafuu ya kilo 50 yataka nafasi kubwa zaidi. Basi chombo cha karafuu hujaa mpaka juu ya ubavu kabla hakijazama sana, na mwenye kukitazama pwani husema, "Bado chachukua." Kwa kina chake ndani ya maji, kweli bado chachukua. Kwa kimo cha shehena, kimekwisha zamani. Nahodha akichanganya shehena, saruji, chumvi na sukari vishuke chini kabisa, na karafuu ikae juu, isiwe kinyume kwa sababu tu saruji ilichelewa kufika pwani. Na magunia ya juu yafunikwe vizuri na kufungwa kamba. Yakirowa huwa mazito huko huko juu, na yakiteleza upande mmoja hufanya yale yaliyofanywa na mbao za Daphne.

Maji ya ngama nayo yasipuuzwe. Jaribu kubeba sinia pana lenye maji kidogo, kisha ubebe chupa iliyojaa. Ya chupa hayahami. Ya sinia hukimbilia upande unaoinama na kukuzidi nguvu mikononi. Ndani ya chombo ni hivyo. Maji machache yaliyotandaa katika sakafu pana huweza kuharibu utulivu wa chombo kuliko uzito wake unavyoonesha. Kwa hivi yatekwe kila mara, yasingojewe mpaka yafike magotini.

Kuhusu watu na mizigo kupita kiasi hatuna haja ya kwenda Uskoti wala Chicago. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake, na mamia ya watu wetu wakapotea. Katika wanaosoma gazeti hili wako waliozikwa jamaa zao siku zile, na wako wasiopata hata wa kumzika. Mungu awarehemu. Hatutaongeza neno hapo.

Na wala mtu asidhani kwamba elimu na fedha zimelimaliza jambo hili. Tarehe 19 Agosti 2024, yoti Bayesian ya mita 56, yenye mlingoti mmoja wa urefu wa kiasi cha mita 72, ilipigwa na upepo mkali ikiwa nangani karibu na Porticello, kisiwa cha Sicily, ikazama, wakafa watu saba. Wachunguzi wa Uingereza walitoa taarifa ya kwanza mwezi wa Mei 2025. Walihesabu kwamba ikiwa haina matanga, na mkuku wake unaoweza kupandishwa umepandishwa, upepo wa ubavuni uliozidi noti 63 ungetosha kuilaza, na kwamba ikishainama kupita kiasi cha nyuzi 70 isingerudi tena. Habari hiyo ya upepo haikuwamo katika kitabu cha chombo kilichokuwa mikononi mwa nahodha.

Basi mwenye chombo kidogo afanyeje ili ajue chake kikoje? Kuna njia mbili, wala hazitaki fedha.

Ya kwanza ni ile ya Vasa, lakini ifanywe kwa utulivu. Siku ya maji kutulia, pasipo upepo, chombo kifungwe kamba zikiwa legevu. Timazi itundikwe katikati, uzi wake wa mita moja hasa, na chini pawekwe ubao wa kupimia. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja wasimame katikati, alama itiwe. Kisha wote wasogee mita mbili upande mmoja, wakae kimya. Kwa mashua ile ya tani 20, uzi ukisogea sentimita 7 nafasi ya salama ni nusu mita. Ukisogea sentimita 14 ni robo mita tu. Kila uzi unavyosogea zaidi, ndivyo nafasi ilivyo ndogo.

Ya pili yataka saa tu. Kiyumbishe chombo pale kilipo, kisha kiache na uhesabu sekunde kutoka kinapolala kulia mpaka kinaporudi kulala kulia tena. Chombo cha upana wa mita 4 kikichukua sekunde 4, nafasi yake ni kiasi cha sentimita 64. Kikichukua sekunde 8, ni kiasi cha sentimita 16. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini si ya kubahatisha. Wageni wa baharini hupenda chombo kinachoyumba polepole, husema ni kitulivu, hakimtapishi mtu. Nahodha mzee hupenda kinachorudi upesi, ingawa chatikisa mifupa. Kinacholala, kikakawia pale chini kama kinachofikiri kirudi au kisirudi, hicho kipunguziwe mzigo wa juu kabla ya kuondoka.

Kipimo hicho cha saa kifanywe chombo kikiwa kitupu, kisha kirudiwe kikiwa kimepakia, na sekunde ziandikwe kwa chokaa ndani ya ubavu, tezini, karibu na nahodha anapokaa. Mwanachama anayetaka kufanya kipimo cha timazi na hana mtu wa kumhesabia, aje ofisini na upana wa chombo na uzito wake kama fundi alivyoukadiria. Uzi na ubao tunavyo.